Maji ya Mulele na Swali la Marx



Mwaka wa 2023 vita vya ardhi vilizuka kati ya Wambole na Walengola, upande wa kushoto wa mto, katika Lubunga ya Kisangani. Kijana mmoja wa katekesi yetu hapa Basoko alikuwa huko kwa mjomba wake. Aliporudi baada ya miezi kadhaa, tuliona uzi mweusi umefungwa juu ya kiwiko chake. Tulimwuliza ni wa nini. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba mwenye kuuvaa hapatwi na panga wala risasi. Tukacheka. Tulicheka mbele ya wenzake, kama mwalimu anavyocheka anapotaka darasa zima limsaidie kucheka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baadaye. Kisha tukasikia kwamba amepanda boti kurudi juu, kwa mjomba.

Katika mkutano wa chama chetu tulilileta jambo hilo, maana lilitulemea. Mmoja wetu aliyepitia chuo kikuu alisema kwamba hakuna cha kushangaza: Karl Marx alikwisha kueleza tangu karne ya 19 kwamba mawazo ya namna hiyo ni moshi tu, na moto wenyewe ni ardhi na mali. Mwingine akapinga: mtu haongozwi na tumbo, huongozwa na anachokiamini. Mabishano yakawa makali, tukaachana bila kuafikiana. Yanayofuata ni fikira zetu baada ya mkutano ule.

Kwanza tumtendee haki Marx, kwa kuwa wengi wetu tumelijua neno lake moja tu, lile la dini kuwa afyuni ya watu. Neno hilo liliandikwa mwaka wa 1844. Wakati ule afyuni ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu, ikiuzwa madukani Ulaya kwa mtu yeyote. Na mahali palepale Marx alisema pia kwamba dini ni kilio cha mtu aliyeonewa na ni namna ya kuyapinga mateso yenyewe. Hakusema kwamba wanaoamini ni wajinga. Alisema kwamba wanaumia. Miaka miwili baadaye, yeye na Friedrich Engels walikuwa wakiandika juu ya itikadi ya Wajerumani, kitabu kilichochapwa kikamilifu mwaka wa 1932 tu. Humo walishikilia kwamba mtu hafikiri kwanza ndipo aishi. Huishi kwanza, kwa kulima, kuvua na kujenga pamoja na wengine, na maisha hayo ndiyo humtengenezea mawazo. Wakaongeza kwamba mawazo yanayotawala katika kila zama ni ya wale wanaoshika mali, kwa sababu wao ndio wenye vyombo vya kuyaeneza.

Engels alipozeeka aliona kwamba vijana wameligeuza fundisho hilo kuwa wimbo wa kukariri. Katika barua ya mwaka wa 1890 alikiri kwamba yeye na Marx walikuwa na sehemu ya kosa, kwa jinsi walivyolitilia uchumi mkazo. Mwaka wa 1893 alieleza habari ya fahamu potovu: mtu hufikiri kwa bidii na kwa moyo mweupe, lakini nguvu halisi zinazomsukuma hazijui. Basi tulipime fundisho hilo hapa kwetu, kwenye mto wetu.

Tarehe 1 mwezi wa pili mwaka wa 1877, Henry Morton Stanley alifika mahali Aruwimi inapoingia katika mto mkubwa. Katika kitabu chake, kilichotoka mwaka uliofuata, aliandika kwamba mitumbwi 54 ya vita ilimshambulia, naye akajitetea kwa bunduki. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyosoma. Lakini mkuu mmoja wa Basoko, Mojimba, alimweleza habari nyingine Padri Joseph Fraessle, mmisionari wa Mapadri wa Moyo Mtakatifu, aliyeichapisha kwa Kijerumani mwaka wa 1926. Kwa kadiri ya Mojimba, wazee waliposikia kwamba mtu mweupe anashuka na mto, walidhani ni ndugu yao mmoja aliyezama zamani na kurudishiwa uhai na maji. Wakavaa mapambo, wakapiga ngoma, wakatoa mitumbwi yote ili kumlaki na kumpeleka nyumbani kwa shangwe. Walipokaribia, vyuma vilinguruma na watu wakaanguka majini.

Hapo palikutana njozi mbili. Wazee wetu walimwona marehemu aliyefufuka. Stanley aliwaona watu wa porini wenye kiu ya damu. Wote walikosea, na wote walitenda kwa mujibu wa walichokiamini. Lakini njozi zile hazikuwa na maisha sawa. Ya Stanley ilichapwa London, ikasomwa na wafalme na wafanyabiashara, na mwaka wa 1885 nchi yote ikatambuliwa kuwa Dola Huru la mfalme Leopold II. Ya wazee wetu ilibaki midomoni mwao karibu miaka 50, hata padri mmoja akaona inafaa kuandikwa. Tofauti haikutoka katika ukweli wa wazo. Ilitoka katika bunduki, kiwanda cha kuchapa vitabu na soko la pembe za ndovu. Katika jambo hili, ndugu, Marx hana deni kwetu. Alichosema juu ya mawazo yanayotawala, mababu zetu walikipata kwa miili yao.

Wala hadithi haikuishia hapo. Mwaka wa 1911 kampuni ya William Lever ilipewa na Ubelgiji haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi, na moja ya hayo, lile lililoitwa Elisabetha, lilikuwa kwetu, upande wa Barumbu na Lokutu. Watu waliokuwa wakikamua mawese ya babu zao wakawa vibarua chini ya miti ileile. Jambo hilo liliitwa ustaarabu, na waliolitumia neno hilo hawakuwa waongo wote, wengi waliliamini. Tusijifiche pia: wamisionari wetu walipanda mto katika zama zilezile, na mara nyingine walinyamaza mahali pa kusema. Anayelisoma neno la afyuni na kukasirika, na ajiulize kwanza kama hatukuwahi kumwambia kibarua aliyechoka asubiri mbinguni tu.

Hata hivyo kuna mlango mmoja ambao ufunguo wa Marx hauufungui peke yake. Mlango huo ni mwaka wa 1964.

Wazee wa hapa hawapendi kuuzungumza mwaka ule. Uhuru wa 1960 ulikuwa umeahidi mengi. Wabelgiji walipoondoka katika ofisi, wengine waliingia katika viti na magari yao, na wengi walikuta maisha yamekuwa magumu kuliko zamani. Patrice Lumumba, aliyewahi kufanya kazi ya posta hapo Kisangani, ambayo wakati ule iliitwa Stanleyville, alikwisha kuuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 1961. Watu wakaanza kusema juu ya uhuru wa pili. Kule Kwilu, Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba na kujifunza vita vya msituni huko China, aliwafundisha wakulima kwa lugha ya Marx na Mao. Huku mashariki waliinuka Simba. Tarehe 5 mwezi wa nane mwaka wa 1964 waliiteka Stanleyville, wengi wao vijana wadogo wenye mikuki, mishale na mapanga.

Waliiteka kwa silaha gani? Waganga waliwachanja na kuwanyunyizia maji, wakawapa miiko: usiibe, usimguse mwanamke, usigeuke nyuma vitani. Anayeishika miiko, risasi itageuka maji mwilini mwake. Walikwenda vitani wakiita maji ya Mulele, ingawa Mulele mwenyewe alikuwa mbali, upande mwingine wa nchi. Na askari wa serikali, wenye bunduki nzuri, walitupa silaha na kukimbia, kwa kuwa nao waliamini. Hapo ndipo maelezo ya moto na moshi yanapokwama. Kama wazo ni moshi tu, moshi huo uliwafukuza wanajeshi na kuzifungua njia za miji. Njozi inayoaminiwa na pande zote mbili ina nguvu ya kweli, kama daraja au kama kizinga cha bunduki.

Lakini ina nguvu hadi mahali fulani. Walipokuja mamluki wa kizungu, ambao hawakuamini, vijana waliendelea kusonga mbele wakiwa wima, nao wakaanguka kwa mamia. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kutoka ndege za Marekani, na siku hiyohiyo jeshi la nchi kavu likaingia mjini. Kabla ya hapo, mbele ya mnara wa Lumumba, wengi waliuawa hadharani: makarani, watu wa vyama vingine, na kila aliyeshtakiwa kuwa adui. Baada ya hapo, wengine wengi waliuawa bila hukumu na walioikomboa mji. Siku saba baadaye, tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa huko Isiro. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mwaka wa 1985.

Tuangalie sasa jinsi imani ile ilivyojilinda. Kijana alipopigwa risasi akafa, hawakusema dawa ni ya uwongo. Walisema alikuwa amevunja mwiko: aliiba kuku, alimgusa mwanamke, aliogopa. Kila kifo kikawa ushahidi wa dawa badala ya kuwa ushahidi dhidi yake. Imani isiyokubali kuulizwa na maiti ni imani ya hatari, kwa kuwa haina mahali pa kusimama na kugeuka.

Mwaka uliofuata mfuasi wa Marx aliyejulikana duniani kote alikuja kuyaona hayo kwa macho. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi wa nne mwaka wa 1965, akakaa na wapiganaji wa mashariki miezi saba. Katika kumbukumbu zake aliandika juu ya dawa, na jinsi waganga walivyokuwa sehemu ya kila kikosi. Alihofu kwamba siku moja dawa itawageuzia kibao wageni, wakilaumiwa kwa kila kifo. Alikuwa mtu mkweli: aliiita habari ile yote historia ya kushindwa. Lakini naye alikuja na njozi yake. Aliamini kwamba cheche ikitupwa mahali pa mateso, moto wa mapinduzi utawaka, kama ulivyowaka Kuba. Mateso yalikuwapo, moto aliouota haukuwaka. Tangu hapo tumewasikia wafuasi wengi wa Marx wakisema, kila nchi yao inapoanguka, kwamba hali ilikuwa haijaiva, au viongozi walisaliti, au fundisho halikufuatwa sawasawa. Ndugu, je, hiyo nayo si lugha ya mganga aliyesema kwamba kijana alivunja mwiko? Aliyetufundisha kwamba watu hawazijui nguvu zinazowasukuma hakujitenga mwenyewe na kanuni hiyo, na wanafunzi wake wasijitenge.

Jirani zetu wa Tanzania waliyapitia haya kabla yetu. Mwaka wa 1905, katika milima ya Umatumbi, watu waliolazimishwa na Wajerumani kulima pamba waliinuka wakiwa na maji ya Kinjekitile Ngwale. Kinjekitile alinyongwa mwezi wa nane mwaka uleule, mwanzoni kabisa mwa vita. Vita viliendelea hadi 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia juu yake mwaka wa 1969, na tunapenda kuisomesha kwa walimu wetu wanafunzi, kwa kuwa inauliza jambo ambalo vitabu vya historia hupita haraka: neno likitoka kinywani mwa mtu na kushikwa na wengi, ni la nani tena? Yule aliyelisema anaweza kulikana, anaweza kufa, nalo likaendelea kutembea. Pamba ya kulazimishwa ilileta hasira. Lakini hasira ya Wamatumbi na hasira ya Wangoni zilikuwa mbalimbali, na kilichoziunganisha kilikuwa neno la maji. Hali ngumu ni kama mvua. Wazo ni kama mfereji. Mfereji hauwezi kujaa bila mvua, lakini ndio unaoamua kama maji yatafika shambani au yatabomoa nyumba.

Nasi tuliozaliwa karibu na mwaka wa 1970 tulikulia ndani ya mfereji mwingine. Mwaka wa 1971 Mobutu aliibadilisha nchi jina, na mwaka uliofuata majina ya Kikristu yakakatazwa. Wengi wetu tulikuwa na jina moja la daftari la shule na jingine la daftari la ubatizo. Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma kwa muda kwa sababu ya mabishano hayo. Katika wazo la uhalisi mlikuwa na kitu cha kweli: heshima ya mtu mweusi aliyedharauliwa miaka mingi. Ndiyo maana tuliimba na kucheza kwa furaha isiyokuwa ya kulazimishwa yote. Lakini mwishoni mwa mwaka wa 1973 maduka na mashamba ya wageni yaligawanywa, na watu wakaona yamekwenda kwa nani. Njozi iliyo imara kuliko zote ni ile iliyojengwa juu ya ukweli nusu.

Basi tumefika wapi? Tunaona kwamba waliobishana katika mkutano wetu walishika kila mmoja upande mmoja wa mtumbwi. Yule wa chuo kikuu ana haki anapodai tutazame ardhi, mshahara na mawese kabla ya kuhukumu imani ya mtu. Papa Leo wa Kumi na Tatu, aliyekuwa mpinzani wa wasoshalisti, alianza barua yake ya mwaka wa 1891 kwa kutazama taabu ya wafanyakazi. Lakini yule mwingine naye ana haki anaposema kwamba mtu hawezi kumalizwa kwa kuhesabiwa mali yake. Katika njaa moja, mmoja alichukua mkuki na mwingine akaficha jirani wa kabila jingine chini ya kitanda. Hali yao ilikuwa moja. Walichagua mbalimbali. Fundisho lisiloweza kuwatofautisha hao wawili halitufai katika kulea vijana, maana litawasamehe wote au kuwahukumu wote.

Tena kuna jambo la tatu, ambalo wote wawili hawakulisema. Njozi haiondolewi kwa kuchekwa. Marx mwenyewe alielewa kwamba anayetaka watu waache faraja ya uwongo hana budi kuibadilisha hali inayoihitaji faraja hiyo. Sisi tulioucheka uzi mweusi hatukubadilisha chochote. Tulimwondolea kijana mahali pamoja ambapo angeweza kuuliza, na tukamwacha na wale wasiomcheka.

Kule Lubunga mabishano yalianza na ardhi: ni nani mwenye haki ya kuitoa, na ni nani aliyeitoa kwa kampuni ya kilimo bila wengine kukubali. Kisha watu wakachomewa nyumba, wakakimbilia mjini na kulala katika kambi. Kati ya karatasi ya ardhi na mshale mna nafasi, na katika nafasi hiyo ndipo linapoingia neno: kwamba wale si watu kama sisi, kwamba tulikuwa hapa kwanza, kwamba dawa ipo. Waliotia sahihi karatasi hawakuvaa uzi. Wanaovaa uzi hawakuwahi kuiona karatasi. Vijana wetu wanahitaji kuambiwa hivyo waziwazi, kwa ramani na kwa sheria ya ardhi mezani, na katekista asiyeweza kuisoma sheria hiyo aketi na anayeweza.

Tunapendekeza basi kwamba katika jumuiya zetu, kila neno kubwa linapopita, liwe la mganga, la mwanasiasa, la mhubiri au la kitabu cha chuo kikuu, tuliulize maswali matatu. Ni maumivu gani yanayolifanya lipendwe? Ni nani atakayeshiba likiaminiwa? Na likishindwa, ni nani atakayezikwa, na je, wenye neno watakubali kuisikiliza maiti ile? Maswali mawili ya kwanza tumeyajifunza pia kwa Marx, wala hatuoni haya kusema hivyo. La tatu tumelijifunza kwa wafu wa mwaka wa 1964. Nalo neno letu wenyewe lisikwepe maswali hayo. Lenye kweli haliogopi.

Yule kijana bado yuko juu, upande wa kushoto. Tumepata habari kwamba ni mzima. Tumemtumia salamu kupitia mabaharia wa boti, tukimwomba msamaha kwa kicheko kile. Akirudi, kabla ya kumwuliza habari ya uzi, tutamwuliza habari ya shamba la mjomba wake.